Kabla ya Bei, Uliza Nyuzi: Zege la Nyuzi za Kioo kwa Majengo ya Dar es Salaam

Majengo mengi ya Dar es Salaam yaliyo karibu na bahari hayachakazwi na uzito wa ghorofa zake, bali na chuma kilichofichwa ndani yake. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Chumvi hiyo hupenya zege polepole hadi ifike kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokitafuna, zege hupasuka kutoka ndani na kuanza kudondoka vipande. Tazama mapezi ya kukinga jua kwenye majengo ya miaka ya 1950 na 1960 kule Upanga na katikati ya jiji, yale mabapa membamba ya zege yaliyopangwa mbele ya madirisha ili jua lizuiwe na upepo upite. Wabunifu wa enzi ile, akina Anthony Almeida, walilielewa jua la hapa vizuri kuliko wengi wanaojenga leo kwa kuta za kioo kitupu. Hata hivyo, pezi lenye unene wa sentimita chache haliwezi kuificha nondo yake mbali na hewa ya bahari, na ndiyo maana mengi yamemeguka, mengine yameondolewa kabisa, na madirisha yaliyokuwa na kivuli sasa yamejaa viyoyozi.

Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid, limesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa bila kutegemea nondo. Sisemi turudi kwenye matumbawe. Ninachosema ni kwamba hapa pwani, kitu chembamba kinachokaa nje ya jengo kingefaa kipate nguvu zake mahali pengine badala ya chuma kilichozikwa milimita chache chini ya uso. Hilo ndilo lililonivuta kwenye zege la nyuzi za kioo, ambalo kwenye michoro ya wabunifu huandikwa GRC. Kazi yangu ni kusimamia ujenzi, na swali ninaloulizwa na wateja kuhusu zege hili karibu kila mara ni bei ya mita ya mraba. Kwa maoni yangu swali la kwanza linapaswa kuwa aina ya nyuzi, kwa sababu mambo mengine yote, yakiwemo unene, uzito, umbo na umri, yanasimama juu ya jibu la swali hilo.

Zege lenyewe ni la kawaida kuliko jina lake linavyotisha. Ndani yake mna saruji, mchanga laini wa silika ulioshwa, kwa kawaida mchanga na saruji vikikaribiana uzito, maji kidogo, dawa ya kulainisha mchanganyiko, polima ya akriliki, na nyuzi za kioo. Kokoto hazimo, nondo hazimo. Nyuzi hukaa kati ya asilimia 2 na 5 ya uzito wote, kutegemea njia ya kutengeneza. Saruji peke yake huvumilia sana kukandamizwa lakini hukatika haraka ikipindwa; nyuzi huvuka kila ufa mdogo unaotaka kufunguka na kuubana. Kwa kuwa hakuna chuma cha kufunika, paneli inaweza kuwa na unene wa milimita 10 hadi 15 tu, na ikabaki na mgongo wa kubeba uzito wake na kustahimili upepo.

Ugumu uko kwenye kioo. Saruji iliyochanganywa na maji ina alkali kali, yenye pH inayozidi 12, na alkali hiyo hula kioo cha kawaida. Watafiti wa Urusi ya Kisovieti walijaribu katikati ya karne iliyopita kutumia nyuzi za kawaida pamoja na saruji yenye alkali ndogo, lakini kwa saruji ya Portland, ambayo ndiyo inayotoka Wazo na viwanda vingine tunavyovitegemea, nyuzi hizo hupoteza nguvu mapema mno. Ufumbuzi ulitoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, pale Amal Majumdar na wenzake katika kituo cha utafiti wa majengo cha serikali walipopata kioo chenye zirkonia nyingi, yaani oksidi ya metali ya zirkoni, ambacho alkali ya saruji hukishambulia kwa mwendo wa polepole zaidi. Kampuni ya Pilkington ilikiingiza sokoni mwaka 1971 kwa jina la Cem-FIL. Hadi leo kipimo kinachokubalika ni kwamba nyuzi za kuwekwa kwenye saruji ziwe na zirkonia isiyopungua asilimia 16 ya uzito wake.

Sasa njoo Dar es Salaam. Faiba inafahamika hapa tangu zamani: mafundi wanatengeneza boti, matangi, mabafu na vipuri vya magari, na mikeka ya nyuzi za kioo inapatikana madukani bila shida. Hizo ni nyuzi za kawaida zilizokusudiwa kufungwa ndani ya resini, ambako hakuna alkali ya saruji, na humo zinafanya kazi yake vizuri sana. Zikitumbukizwa kwenye saruji, mambo hubadilika. Kwa macho huwezi kuzitofautisha na zile zenye zirkonia, kwani zote ni nyeupe, zote zinang'aa, zote zinawasha mikono. Paneli iliyotengenezwa kwa nyuzi za boti itatoka kwenye kalibu ikiwa safi, itapita jaribio la kupindwa katika wiki za mwanzo, itapandishwa ghorofani na kupigwa picha. Nguvu zake zitaendelea kupungua kimyakimya baada ya mkandarasi kulipwa. Hii ndiyo hatari inayonisumbua zaidi ya zote, kwa sababu tofauti ya bei kati ya nyuzi hizo mbili ni kishawishi kikubwa, na kasoro haionekani siku ya kukabidhi kazi.

Njia ya kuhakikisha ipo na haihitaji ubingwa. Muuzaji wa paneli atoe hati ya mtengenezaji wa nyuzi inayotaja kiwango cha zirkonia na namba ya toleo la mzigo, na namba hiyo ilingane na iliyoandikwa kwenye roli au maboksi yaliyoko karakanani. Kisha kuna jaribio la maabara ambalo wenye viwanda wanalijua: fungu la nyuzi huzikwa kwenye kipande cha saruji, kipande hicho huwekwa kwenye maji ya nyuzijoto 80 za Sentigredi kwa saa 96, halafu fungu huvutwa hadi likatike. Nyuzi za kawaida huaibika katika jaribio hilo. Zile zenye zirkonia ya kutosha hubaki na sehemu nzuri ya nguvu zake. Karatasi ya matokeo ya jaribio hili ina thamani kuliko kijitabu chochote cha picha za rangi.

Utengenezaji wenyewe ni kazi ya mikono kuliko watu wanavyodhani, na napenda kuueleza kwa sababu ubora wa paneli unaonekana pale pale. Fundi huanza kwa kupulizia kwenye kalibu tabaka jembamba la mchanganyiko usio na nyuzi, ambalo ndilo litakalokuwa uso wa paneli. Bila tabaka hilo, nyuzi huchungulia nje na uso huonekana kama una manyoya. Kisha huchukua bunduki ya kupulizia ambayo huvuta kamba ndefu ya nyuzi, huikatakata vipande vya sentimita 3 au 4, na kuvirusha pamoja na rojo ya saruji. Hupuliza tabaka la milimita chache, akienda kwanza kwa urefu wa kalibu kisha kwa upana, na mwenzake hufuata nyuma kwa rola yenye mifuo akikandamiza ili hewa itoke na kila unywele wa kioo ulowe. Pembeni na kwenye kona, ambako rola haifiki, hutumia brashi ngumu au rola ndogo. Wakimaliza tabaka moja huanza jingine, hadi unene utimie, na mmoja wao huchoma sindano yenye alama mahali pengi kuhakikisha kwamba milimita 12 zilizoandikwa kwenye mchoro ni 12 kweli, si 8 kwenye kona na 16 katikati.

Karakana inayojiheshimu hupima bunduki kabla ya kuanza kazi ya siku. Hupuliza nyuzi peke yake ndani ya mfuko kwa muda maalumu, hupuliza rojo peke yake ndani ya ndoo kwa muda huohuo, na hupima vyote kwenye mizani ili kujua kama uwiano wa asilimia 5 unapatikana. Wakati mwingine hukata kipande cha paneli kikiwa bado kibichi, hukipima, hukisuuza saruji yote itoke, hukausha nyuzi zilizobaki na kuzipima nazo. Ukifika karakanani ukakuta mizani ina vumbi na hakuna daftari la vipimo, umeshapata jibu lako.

Njia nyingine ni kuchanganya nyuzi fupi, za milimita 12 hivi, moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganyia na kumimina kwenye kalibu huku ikitikiswa. Ni rahisi, haihitaji bunduki, na inafaa kwa matofali ya maua, vifuniko vya kuta, vyungu vya bustani na urembo wa madirisha. Nguvu zake ni ndogo, kwa sababu nyuzi zinazopulizwa hulala bapa pamoja na uso wa paneli zikielekea kule nguvu ya kupinda inakotokea, ilhali zile zilizochanganywa hutawanyika kila upande, na nyingine hazisaidii kitu. Kwa paneli kubwa ya ukuta wa ghorofa ya juu, mimi sitakubali nyingine zaidi ya ile ya kupuliziwa.

Kuna jambo la joto ambalo hapa haliwezi kupuuzwa. Slabu ya kawaida tunaimwagilia maji kwa siku kadhaa na inasamehe ukisahau jioni moja; paneli ya milimita 12 haisamehe. Upepo wa kaskazi wa Januari unaweza kuinyang'anya maji kabla saruji haijakomaa, na ikabaki na unga juu na udhaifu ndani. Kanuni ya asili ni kuiweka kwenye unyevu kwa siku 7, jambo linalodai nafasi, turubai na maji mengi. Polima ya akriliki iliongezwa kwenye mchanganyiko kwa sababu hiyo hasa: hutengeneza utando unaozuia maji yasitoroke, na paneli hukomaa bila kumwagiliwa. Kwa hiyo anayekuambia amepunguza gharama kwa kuondoa polima, aonyeshe mahali anapoziloweka paneli zake kwa juma zima.

Hata nyuzi zenye zirkonia huzeeka, na msomaji anastahili kuelezwa hilo bila kufichwa. Saruji inapokomaa hutoa chokaa, na fuwele za chokaa hiyo huota katikati ya nywele za fungu moja la nyuzi, zikilibana na kulikakamaza. Fungu lililokuwa likijipinda na kuteleza kidogo kila ufa unapotokea hugeuka kuwa kitu kikavu kinachokatika. Paneli iliyopuliziwa vizuri, ikiwa na siku 28, inaweza kustahimili msongo wa kupindwa wa newton 20 hadi 30 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. Baada ya miaka mingi ya unyevu, kiwango hicho hushuka kuelekea pale ufa wa kwanza unapoanzia, karibu newton 7 hadi 10. Mhandisi makini hukokotoa kwa nguvu za uzeeni, hakokotoi kwa nguvu za ujana. Joto huharakisha mabadiliko hayo, na wastani wa joto letu kwa mwaka ni kama nyuzijoto 26, mbali sana na London ambako uzoefu mwingi wa mwanzo ulikusanywa. Miaka iliyohesabiwa kule isinakiliwe hapa kama ilivyo.

Dawa ya uzee huo ipo, na sehemu yake iko karibu na sisi kuliko tunavyofikiri. Metakaolini, yaani kaolini (aina ya udongo mweupe) iliyochomwa kwa nyuzijoto 600 hadi 800 hivi na kusagwa, hula ile chokaa na kuigeuza kuwa gundi ya saruji, hivyo fuwele hazipati cha kuotea. Vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, vina kaolini inayojulikana tangu zamani, na mwamba wake una kaolini iliyochanganyika na mchanga wa kwatzi. Malighafi mbili zinazohitajika katika zege hili zimelala mahali pamoja, mwendo mfupi kutoka uwanja wa ndege! Nyuzi zitaendelea kuagizwa nje, hilo halina ubishi, lakini ni sehemu ndogo ya uzito wote. Ningefurahi sana kuona paneli zinazotundikwa Dar es Salaam zikiwa na saruji ya Wazo na kaolini ya Pugu badala ya kusafirishwa zikiwa tayari ndani ya makontena, zikipasuka kona njiani.

Kuhusu uzito, hesabu ni fupi. Paneli ya milimita 12 ina takriban kilo 24 kwa kila mita ya mraba, na ukiongeza fremu ya chuma ya nyuma bado ni kitu chepesi. Ukuta wa tofali za inchi 6 zisizo na matundu, pamoja na plasta, unaweza kuzidi kilo 300 kwa eneo hilohilo. Kwa jengo refu tofauti hiyo inaonekana kwenye nguzo na kwenye msingi, na kwa jengo la zamani linalovishwa sura mpya inaweza kuamua kama kazi inawezekana au haiwezekani. Lakini hapa ndipo pa kusimama imara: zege hili halibebi jengo. Ni vazi. Nimewahi kusikia mtu akipendekeza kulitumia kwa ngazi na kwa ukingo wa roshani bila nondo, kwa hoja kwamba nyuzi zimechukua nafasi ya chuma. Hazijachukua. Jiji lililoshuhudia ghorofa likiporomoka Kariakoo mnamo Novemba 2024 halina sababu ya kuchezea mambo ya kubeba mzigo. Nguzo, mihimili na slabu zibaki na nondo zake, zikiwa na kifuniko cha zege cha kutosha, na ukingo wa roshani uwe na chuma kinachokokotolewa, hata kama kimevikwa paneli nzuri.

Kinachoniumiza kichwa zaidi kwenye majengo ya pwani ni vishikizo. Paneli haishiki kutu, lakini bolti, mabano na fremu iliyo nyuma yake hushika. Ukitumia chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, umehamisha ugonjwa wa zile nondo za Upanga kutoka ndani ya zege hadi nyuma yake, mahali usipoweza kuuona. Kwa jengo linalotazama bahari, kuanzia Kigamboni hadi Msasani na Mbezi Beach, vishikizo viwe vya chuma kisichoshika kutu, na fremu angalau iwe imezamishwa kwenye zinki, si kupuliziwa rangi ya fedha. Vilevile visibane paneli kama msumari. Zege hili huvimba likilowa na kusinyaa likikauka, karibu milimita moja au zaidi kidogo kwa kila mita, na hurudia hivyo kila masika na kila kiangazi. Kishikizo kimoja au viwili vibebe uzito, vilivyobaki viwe na uwezo wa kupinda kidogo ili paneli ipumue. Nyufa nyingi za paneli hutokana na kubanwa kupita kiasi, kabla hata ya kulaumu mchanganyiko.

Mifano ya kuonyesha kwamba kazi hii huwezekana haikosekani. Jengo la Credit Lyonnais katika barabara ya Cannon Street, London, lililokamilika mwaka 1977, lilivikwa paneli za aina hii zilizopinda pande mbili, na limehifadhiwa kisheria kwa umuhimu wake. Kituo cha Heydar Aliyev kule Baku, kilichobuniwa na Zaha Hadid na kufunguliwa mwaka 2012, kimetumia zege hili pamoja na plastiki yenye nyuzi za kioo kupata lile umbo linalotiririka. Ulio karibu nasi zaidi ni uwanja wa Soccer City wa Johannesburg, uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2010: ganda lake lenye sura ya kibuyu limefunikwa kwa paneli nyembamba za zege la nyuzi za kioo zenye rangi mbalimbali za udongo. Kila ninapoutazama najiuliza kwa nini maduka na ofisi zetu ziendelee kuvikwa mabati ya alumini yenye plastiki katikati, wakati moto wa Grenfell Tower wa London mnamo Juni 2017, uliowaua watu 72, ulipanda jengo zima kupitia vazi la aina hiyohiyo. Zege la nyuzi za kioo haliwaki. Polima iliyomo ni kidogo, na iliyobaki ni saruji, mchanga na kioo.

Sipendekezi kila mtu alitumie. Nyumba ya chini ya Goba au Chanika yenye kuta za tofali haina haja nalo, na urembo wa nguzo za barazani unaweza kumiminwa kwa njia ya kawaida bila hasara. Linapofaa hasa ni kwenye mapezi na nakshi za kukinga jua kwa majengo ya ghorofa, kwenye kuvisha upya majengo ya zamani ambayo msingi wake hauwezi kuongezewa mzigo, na kwenye majengo yanayotazama bahari moja kwa moja. Kwa mapezi, uchoraji uzingatie mvua: chini ya kila ukingo pawe na mfereji mdogo wa kudondoshea maji, la sivyo masika mawili yatatosha kuchora mistari myeusi ya ukungu kwenye saruji nyeupe iliyogharimu fedha nyingi.

Mkataba wa kazi kama hiyo ninauandika hivi siku hizi. Unataja kiwango cha zirkonia kwenye nyuzi na hati yake. Unataja asilimia ya nyuzi na jinsi itakavyopimwa kila siku. Unadai vibao vya majaribio vipuliziwe pamoja na paneli zenyewe, siku ileile na kwa bunduki ileile, ili vipindwe maabara vikiwa na siku 28. Unadai aina ya chuma cha vishikizo iandikwe kwa jina. Na kwenye mchoro wa kila upande wa jengo naweka paneli chache zinazoweza kufunguliwa kwa bolti kutoka nje, ili fundi akiwa na kamba na tochi aweze kuchungulia nyuma na kuviona vishikizo vikiwa na umri wa miaka 5, 10 na 15.